Benchi Kando ya Ndiva

Mama yangu ana goti bovu, na kijijini kwetu simu hushika juu ya jiwe. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nisome nilichosoma. Watu walipokuwa wakiniuliza kwa nini mwalimu wa fizikia wa sekondari pale Same ameamua kujitesa na shahada ya pili ya mawimbi ya sumakuumeme, niliwajibu maneno makubwa makubwa, eti mchango wa sayansi, eti maendeleo vijijini. Jibu la kweli lilikuwa goti.

Kijiji chetu kimejificha kwenye mkunjo wa milima ya Upare, upande unaotazama Kihurio. Ukisimama ukingoni mchana unayaona mashamba ya mpunga kule tambarare, na mnara wa simu umesimama kati yake, lakini nyumba zetu ziko nyuma ya bega la mlima na mnara hauzioni. Anayetaka kupiga simu anapanda. Njia inapita kwenye mikaratusi, inazidi kuwa nyembamba, halafu inafika kwenye miamba ambapo lazima ushike kwa mikono. Juu kabisa ndipo lilipo Jiwe. Ukungu ukishuka, Jiwe linateleza kama limepakwa sabuni, na watu wazima wenye heshima zao wanalishuka kwa makalio. Mama amelishuka hivyo tangu nilipoondoka kwenda shule ya bweni, kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada lazima asikie sauti yangu.

Goti lilipovimba nilimwambia asipande tena. Akasema sawa. Jumapili iliyofuata simu ikaita.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Juu."

Nikafoka. Nina hasira za karibu, na nimezirithi kwa mtu huyo huyo niliyekuwa nikimfokea, kwa hiyo tukafokeana vizuri tu, yeye juu ya jiwe na mimi chumbani kwangu Same, feni ikizungusha joto lile lile. Nilipokata simu nikaapa. Nitatafuta mahali pa chini, karibu na nyumbani, ambapo wimbi linafika, mama akae kitako apige simu kama binadamu wengine.

Naandika haya na uso unawaka, maana kiapo kilikuwa kizuri. Ni mimi niliyekiharibu.

Njia niliyoichagua ina jina refu linalowachosha hata walimu wenzangu. Nitaieleza kama nilivyoieleza kanisani kwetu, siku mchungaji aliponipa nafasi baada ya matangazo. Niliwaambia kuna mwanafunzi wa kukariri: unampa mifano, anaifuata, lakini ukimuuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye mifano anabuni tu. Halafu kuna mwanafunzi unayemfundisha mifano na sheria pamoja. Modeli yangu ya kompyuta ni huyo wa pili. Unaipa vipimo vichache vya nguvu ya mtandao wa simu kutoka sehemu chache za kijiji, kisha unaipa mlinganyo wa mawimbi, yaani sheria inayosema wimbi likigonga bega la mlima linapinda vipi na linafifia vipi. Ikijibu tofauti na vipimo, inaadhibiwa. Ikivunja sheria, inaadhibiwa. Inajaribu tena na tena mpaka adhabu zinapungua. Mwishoni unaiuliza, je, pale ambapo hakuna aliyepima pakoje? Nayo inakuchorea ramani ya kijiji kizima.

Walinisikiliza kimya. Mchungaji akasema "Amina." Sijui alikuwa anaitikia nini, lakini nilivimba kichwa, nikashuka pale mbele natembea kama nimeahidiwa uaskofu.

Kazi ya kupima waliichukua akina mama wa kwaya, mama yangu akiwa mbele. Niliwaachia simu yangu ya zamani yenye programu ya kupimia: inaonyesha namba ya nguvu ya mtandao, unabonyeza kitufe, inahifadhi ile namba pamoja na mahali uliposimama. Nilichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kwenye kona ya shule, kwenye shamba la kahawa la kanisa, njia panda, na kando ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, la udongo na mawe, walilolichimba mababu zetu kukinga maji ya mlimani. Lipo chini kidogo ya nyumba ya mama, na njia ya kwenda pale ni tambarare hata kwa mtu wa mkongojo. Moyoni nilikuwa naomba iwe ndiva. Sikumwambia mtu, ila mama huwa haambiwi, anajua.

"Mkifika kwenye kijiti, pimeni mtandao, bonyezeni," nikawaambia.

"Tumeelewa, mwalimu," wakasema, na nikarudi zangu Same kufundisha.

Vipimo viliponifikia, ndiva ilikuwa na namba nzuri ajabu. Nilifurahi, lakini modeli haikufurahi. Mawimbi ya simu ni mafupi, urefu wake kama rula ya mwanafunzi, na mawimbi mafupi hayapindi kirahisi kuzunguka mlima. Sheria ilikuwa inasema ndiva iko kivulini, hakifiki kitu. Vipimo vilikuwa vinasema kinafika. Modeli ikawa kama mtoto anayeitwa na wazazi wawili, mmoja jikoni na mwingine shambani, ikabaki inayumba katikati na adhabu hazishuki.

Sasa, kwenye kazi hii kuna namba moja unayoiweka wewe mwenyewe. Ndiyo inayoamua adhabu ya kupingana na vipimo iwe nzito kiasi gani kuliko adhabu ya kuvunja sheria. Hakuna kitabu kinachokupa namba hiyo, unaijaribu mpaka uridhike. Nikavipa vipimo uzito zaidi. Kwenye ramani ndiva ikageuka kutoka nyekundu, rangi ya kukosa mtandao, ikawa manjano. Nikaongeza tena. Nilijiambia kwamba ramani ya mlima niliyopakua imetengenezwa na chombo kilichopita angani, hakijawahi kukanyaga kwetu, lakini mama alisimama pale kwa miguu yake. Kwa kifupi, nilimwamini mama kuliko mlinganyo. Ndiva ikawa kijani. Jamani, nilicheza peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kulikoni.

Kwetu mtu akileta habari ya namna ile hakuna kuunda kamati. Pembe ikapigwa, msaragambo ukaitwa. Msaragambo ni kazi ya wote: kila nyumba inatoa mtu, iwe mfereji umeziba au barabara imekatika. Safari hii walitoka kwa ajili ya ramani yangu. Walisawazisha udongo kando ya ndiva, wakaezeka kibanda cha bati kisichokuwa na kuta, wakaweka benchi refu la mkaratusi. Seremala alilipiga randa mpaka likawa laini kama benchi la kanisani. Mimi nilikuwa nimesimama na kofia, naelekeza kijiti kilipokuwa, sikubeba hata jiwe. Waliniita mhandisi na sikuwakatalia.

Jumapili iliyofuata mama akapiga.

"Uko wapi?"

"Ndiva, mwanangu. Nimekaa kwenye benchi lako."

Nililia. Ndiyo, nililia kwenye simu, na yeye akanicheka, akasema nisilie, mtandao mzuri kabisa, ananisikia kama niko mlango wa pili. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumapili nauliza uko wapi, yeye anasema ndiva. Kuna siku nilisikia anahema.

"Mbona unahema hivyo?"

"Nimetoka kanisani mbio nisikucheleweshe."

Siku nyingine upepo ulikuwa unavuma kwenye simu hadi maneno yanakatika. Nikamwuliza huo upepo wa wapi. Akasema siku hizi ndiva pana upepo. Nami, niliyeoga kwenye maji ya ndiva ile nikiwa mtoto, ninayejua kwamba pale ni shimoni na hata jani la mgomba halitikisiki, nikasema pole mama, jifunike kanga.

Nikaenda kuitetea kazi yangu chuoni. Ramani ikawekwa ukutani, ndiva ikimeremeta kijani chake katikati ya wekundu. Msimamizi wangu, mtu asiyecheka hovyo, akauliza: "Hapa sheria na vipimo vinapishana sana. Una ushahidi gani kwamba vipimo ndivyo sahihi?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo kama harusi. Nikasema, "Mama yangu ananipigia simu kila Jumapili akiwa amekaa hapo." Ukumbi mzima ukacheka kwa furaha, wakapiga makofi. Mmoja akasema huo ndio uthibitisho. Makofi yale nayasikia hadi leo nikiwa nasonga ugali, na mwiko unasimama.

Nilichotaka baada ya hapo ni picha. Nilitaka kuandika makala, na juu yake iwepo picha ya mama kwenye benchi, simu sikioni, maji ya ndiva nyuma yake. Sikumwambia kwamba naenda, nilitaka nimkute hivyo hivyo alivyo. Nikaondoka Same mapema siku ya Jumapili, gari likanifikisha juu, bodaboda ikanimalizia, nikiwa nimevaa gauni zuri kama ni mimi ninayepigwa picha.

Mlango wa mama ulikuwa umefungwa. Ibada ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nikajua yuko ndiva. Nikateremka kwa ile njia tambarare huku nimeandaa kamera ya simu.

Benchi halikuwa na mtu. Lilikuwa limejaa tangawizi. Tangawizi iliyokatwa vipande, imetandazwa juu ya viroba kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, nyingine imening'inizwa kwenye nyavu chini ya bati, na jirani yetu, ambaye kwa ukoo ni mama yangu mdogo, alikuwa anaigeuzageuza kwa mkono.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwa… Ee! Wewe! Mbona hukusema kama unakuja?" Akaanza kukusanya tangawizi harakaharaka, akiimwaga nyingine chini, kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu. "Tumeanika leo tu, mwanangu. Jua lenyewe la kuvizia hili. Kaa, kaa."

Ubao wa benchi chini ya kiroba ulikuwa umeshakuwa wa manjano.

"Mama yuko wapi?"

"Katoka kidogo."

"Kaenda wapi?"

"Hapo hapo tu."

Nikaitazama simu yangu. Hakuna mtandao. Nikaiinua. Hakuna. Nikapanda juu ya benchi na viatu vyangu vya kupigia picha, nikakanyaga tangawizi za watu, nikanyoosha mkono mpaka bati likanikwaruza. Hakuna kitu.

"Subiri," mama mdogo akaniambia kwa upole, kama anambembeleza mgonjwa. "Ukisubiri, huwa unakuja."

"Unakuja saa ngapi?"

"Inategemea. Ile asubuhi ya baridi sana, ukungu ukiwa umelala kule Kihurio, unakuja vizuri tu. Siku nyingine hauji."

"Sasa mlipopima mlipata wapi namba zile?"

Alinishangaa. "Si ulisema tupime mtandao? Usipokuwepo utapima nini? Tulisimama hapa tukausubiri. Siku ya kwanza haukuja, tukarudi kesho yake. Mama yako akaifunga simu kwenye mpini wa jembe, akaiinua. Mtandao ulipokuja, tukabonyeza."

Nilishuka kwenye benchi, nikakaa. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimekulia pale. Maisha yangu yote nimeona watu wakiusubiri mtandao, wanausogelea, wanauvizia, wanauinulia simu. Kwetu hakuna mtu anayetoa simu mfukoni ili kuthibitisha kwamba mtandao haupo. Na mimi mtoto wa kulekule, niliyejisifu chuoni kwamba nalijua eneo langu la utafiti, niliwaambia "bonyezeni" bila kuwaambia "hata ukikosekana." Nilichukua asubuhi moja ya baridi, hewa nzito imelala tambarare na kulipindisha wimbi juu ya bega la mlima kwa bahati tu, nikaifanya kuwa kijani cha mwaka mzima. Mlinganyo ulinikatalia. Ulinikatalia kwa adabu, mara nyingi, na mimi nikawa naupunguzia uzito mpaka ukanyamaza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mama mdogo alivyo na huruma akageuza uso, akajifanya anaokota vipande vilivyoanguka. Hakuniambia mama yuko wapi. Hakukuwa na haja. Nilitazama juu, kule mikaratusi inakoishia, nikauona mgongo wa buluu wa sare ya kwaya.

Alikuwa amesimama wima juu ya Jiwe, mkono mmoja sikioni, mwingine umeshika fimbo. Akashusha simu, akaitazama, akairudisha sikioni. Alikuwa ananipigia mimi. Nami nilikuwa kule chini, kwenye alama yangu mwenyewe, simu mkononi, sipatikani.

Nilipanda nikikimbia, gauni nimelikunja kiunoni. Nilimkuta kwenye miamba anashuka kwa makalio, mguu mbovu umetangulizwa mbele umenyooka kama gogo, fimbo kaibana kwapani. Kanga yake ilikuwa imelowa tope nyuma. Aliponiona alijaribu kusimama upesi, goti likamkatalia, akakaa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetokea wapi wewe? Nimekupigia mpaka nimechoka, naambiwa hupatikani. Ulikuwa wapi?"

"Ndiva, mama."

 Akavuta kanga, akalifunika goti. Halafu, Mungu wangu, akatabasamu.

"Leo mtandao umesumbua kidogo," akasema. "Leo tu. Ndiyo maana nikaona nijaribu huku. Jumapili iliyopita pale ulikuwa safi."

Nilimtazama akinidanganya, mama yangu aliyenichapa kwa uongo wa kikombe kilichovunjika. Alikuwa hajui kudanganya. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyangu. Nikaona Jumapili zote. Nikaona anavyoondoka kanisani kabla ya wengine, anapita kando ya benchi laini lililorandwa kwa heshima yangu, wanawake wenzake wanatazama pembeni, anaanza kupanda. Nilimwondoa kwenye Jiwe kwenye karatasi tu. Na kabla ya ramani yangu alikuwa akipanda na kulalamika, akinigombeza, akinipa nafasi ya kumwambia pole. Mimi nilimwongezea kazi ya kupanda huku anatabasamu.

Nikamshika kwapani, tukaanza kushuka taratibu. Nilijua nikinyamaza, Jumapili ijayo atapanda tena.

"Mama, nilikosea," nikasema. "Pale ndiva hapafai. Ramani yangu ni mbovu."

"Nyamaza!" Aliniminya mkono kwa nguvu, akatazama huku na huku kwenye miti. "Nyamaza, watu watakusikia."

Hapo ndipo aibu iliponifika kwenye mfupa. Watu gani, mama? Watu wenyewe walikuwa wameanika tangawizi.

Tulipotokea kwenye mikaratusi ya mwisho, ndiva ikiwa chini yetu na bati la kibanda linang'aa, nilisimama. Mama akanivuta nisonge. Nikapaza sauti kama ninaita msaragambo.

"Mama mdogo! Nilikosea! Hapo hakuna mtandao!"

Mama alijifunika uso kwa kanga. Kule chini mama mdogo aliacha tangawizi, akanyoosha mgongo, akatutazama akiwa ameweka mkono kwenye paji la uso.

"Tunajua, mwanangu!" akajibu. "Mshushe mama yako polepole, chai ipo jikoni!"